MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Mtoto wa Nyumba Mbili

Mwezi uliopita tulizungumza habari za madeni na jinsi yanavyoharibu mapatano ya mume na mke, nami niliahidi kuendelea. Lakini jambo moja lililoanza mlangoni pangu wakati wa Kwaresima limefikia mwisho wake wiki hii, nami naona afadhali madeni yangoje kidogo, maana jambo lenyewe limo katika nyumba nyingi za Wakristo wa nchi yetu, hasa sisi tunaokaa karibu na pwani.

Jioni moja, baada ya mafundisho ya Kipaimara, wanafunzi wote walikwenda zao, akabaki binti mmoja. Umri wake ni miaka 14. Jina lake silitaji, kwa kuwa mji wetu ni mdogo. Alikuwa akipanga vitabu, navyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Nikamwuliza, "Mwanangu, una neno?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, wenzangu huniita popo."

Nanyi mnaijua hadithi ya popo. Hapo kale ndege na wanyama walipopigana vita, popo alikwenda kwa ndege akasema, Mimi nina mbawa. Kisha akaenda kwa wanyama akasema, Mimi nina meno. Vita vilipokwisha pande zote mbili zikamkataa, na tangu siku hiyo hutoka usiku tu, kwa haya.

Binti huyu walimpa jina hilo kwa sababu ya malezi yake. Baba yake ni Mkristo wa watu wa milimani. Mama yake ni mtu wa pwani, amezaliwa katika nyumba ya Waislamu, akabatizwa alipokuwa mtu mzima. Wazazi hawa walipopatwa na shida ya kazi, walimpeleka mtoto kwa bibi yake mzaa mama, naye ana miaka 3 tu, akakaa huko hata akatimiza miaka 10. Huko alisoma chuoni pamoja na watoto wenziwe, akafunga Ramadhani siku alizoziweza, akavaa nguo mpya siku ya Idi. Kisha akarudi kwa wazazi wake, akaanza kuja kanisani, akabatizwa kwa kutaka kwake mwenyewe. Basi ana majina mawili, moja alilopewa na bibi, na moja la ubatizo, na kila akiitwa kwa moja huitika.

Akaniambia, "Nikienda kwa bibi, watoto wa mjomba husema mimi si mwenzao tena. Nikirudi hapa, wenzangu husema mimi ni mtu wa msikitini, kwa sababu nanawa miguu kabla ya kusali, na kwa sababu ulimi huniponyoka nikasema Bismillahi nikianza kula. Na sasa bibi yangu ni mgonjwa. Mwalimu, akifa, nisimame wapi? Mimi ni nani?"

Sikumjibu upesi. Nilimwambia arudi Jumatano. Na sababu ya kukawia kwangu nitawaeleza, ingawa si sifa kwangu.

Mimi nami ni mtoto wa nyumba mbili. Mjomba wangu, ndugu yake mama tumbo moja, alikuwa mwalimu wa chuo katika kijiji cha pwani, na kila likizo nilipelekwa kwake. Yeye ndiye aliyenifundisha kukaa kitako saa nzima mbele ya kitabu bila kuchezacheza. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kitabu chenye neno la Mungu hakishikwi kwa mikono michafu, wala hakiwekwi chini sakafuni. Alijua ya kuwa nimebatizwa tangu uchanga, wala hata siku moja hakunishurutisha kuwa Mwislamu. Saa ya sala ilipofika yeye alikwenda msikitini, akaniacha barazani, akiniambia, "Nawe msalie Mola wako kama baba yako alivyokufundisha." Basi nilikaa barazani nikasali Baba Yetu, huku nikisikia adhana.

Nilipoingia shule ya misioni wenzangu walinicheka kwa kuwa nilijua alifu na bee. Tangu siku ile nikaficha. Nilipoulizwa habari za wajomba zangu, nilijibu kwamba ni wakulima wa minazi, na maneno hayo yalikuwa nusu ya kweli. Hata nikawa katekista kijana, mwenye bidii nyingi kuliko maarifa. Siku moja ikaja habari ya kuwa mjomba amefariki. Nilikwenda; lakini njiani nilikutana na Wakristo wawili wa mtaa wangu, nikaona haya wasije wakasema, Tazameni, mwalimu wetu anakwenda kwa Waislamu. Nilipofika sikuingia uani. Nilisimama mbali, chini ya mkwaju, hata jeneza likapita. Mmoja wa watoto wake aliniona, akanipungia mkono nije nipokee, maana desturi ni watu kupokezana jeneza begani, kila mtu japo hatua chache. Sikwenda. Mjomba alinibeba begani nilipokuwa mdogo, nami sikumbeba hata hatua moja. Imepita miaka zaidi ya 20, na mkwaju ule ungaliko. Kila nilipopita pale niliharakisha mwendo.

Siku ile nilidhani nimeitetea imani. Sasa najua ya kuwa sikutetea imani, nilitetea sifa yangu mbele ya watu wawili waliokuwa wakienda sokoni.

Basi Jumatano binti akaja, akaja na mama yake, nasi tukakaa barazani. Nikamwambia hivi: Wazee wetu wametuachia mithali mbili. Moja yasema, Mwacha asili ni mtumwa. Ya pili yasema, Njia mbili zilimshinda fisi. Mtu akizisikia kwa haraka atadhani zinapingana, lakini hazipingani. Ya kwanza yasema habari za kule tulikotoka. Ya pili yasema habari za kule tuendako. Asili za mtu zaweza kuwa mbili, au tatu, au nne, wala si kosa lake, maana hakuna aliyechagua tumbo la kuzaliwa. Lakini njia ya kwenda lazima iwe moja. Anayechanganya mambo haya mawili hupata taabu: ama ataitupa asili yake akidhani ndiyo njia ya kumfuata Kristo, ama atashika njia mbili akidhani ndiyo kuiheshimu asili.

Nikamwuliza, Je, wewe husali kwa lugha gani? Akasema, Kiswahili. Nikamwambia, Itazame basi lugha yako. Mifupa yake ni ya Kibantu, na jina lenyewe la Mungu tulilipokea kwa babu zetu. Lakini sala, imani, ibada, dhambi, malaika, baraka, sadaka na msalaba, maneno haya yote yametufikia kwa njia ya Waarabu. Hata neno Injili, ambalo asili yake ni Kiyunani, tumelipata kwa ulimi wao. Padre ni neno la Wareno, na meza vilevile. Shule ni neno la Wajerumani. Askofu Edward Steere, aliyeshika uaskofu huko Unguja toka mwaka 1874 hata alipofariki mwaka 1882, alipofasiri Maandiko kwa Kiswahili, alikuwa amejifunza lugha kwa watu wa Unguja, na wengi wao walikuwa Waislamu. Basi tukipiga magoti mbele ya meza ya Bwana na kusema sala zetu, tunazisema kwa lugha iliyolelewa katika nyumba nyingi. Wala hakuna mtu aiitaye lugha hii popo. Tunaiita lugha yetu.

Kisha nikamwambia habari za mto wetu wa Pangani. Maji yake hayatoki katika chemchemi moja. Kikuletwa hushuka toka mlima Meru na upande wa kusini wa Kilimanjaro. Ruvu huja toka upande wa mashariki wa Kilimanjaro na ziwa Jipe. Hukutana mahali paitwapo Nyumba ya Mungu, palipojengwa bwawa kubwa katika miaka ya 1960. Mbele, karibu na Korogwe, hupokea tena maji ya Luengera yatokayo Usambara. Mtu wa Pangani achotaye maji ya mto hawezi kusema, Kata hii ni ya Meru, na kata hii ni ya Jipe. Ni maji mamoja. Lakini chemchemi zikiwa nyingi, mto una mkondo mmoja, nao unakwenda baharini. Mto usiokuwa na mkondo si mto, ni kinamasi.

Mama yake akauliza, "Lakini, mwalimu, katika Maandiko tuna mfano wa mtu kama huyu?" Nikamjibu kwamba mifano ni mingi. Musa alizaliwa na Mwebrania, akanyonyeshwa na mama yake mwenyewe, kisha akalelewa na binti Farao katika nyumba ya mfalme. Na Mungu alipotaka mtu wa kusema na Farao, alimtuma huyu aliyeijua nyumba ile. Ruthu alikuwa Mmoabu. Danieli alipewa jina la pili huko Babeli, na kuitwa kwa jina hilo hakukumfanya aache kumwomba Mungu wa baba zake. Na Timotheo, mwanafunzi wa Mtume Paulo, mama yake alikuwa Myahudi aliyeamini, na baba yake alikuwa Myunani. Kitabu cha Matendo, mlango wa 16, hakikuficha neno hili. Naye Paulo alipomwandikia alimkumbusha imani ya bibi yake Loisi na ya mama yake Eunike, wote wawili kwa majina yao. Tazameni basi: Mtume hakuona kwamba kumtaja bibi ni jambo dogo.

Katika Kanisa la nchi zetu pia tunaye Cecil Majaliwa. Alizaliwa katika kabila la Wayao, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akaletwa Unguja, akalelewa na misioni, akasomeshwa Kiungani. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali kuwatumikia Wayao, na mwaka 1890 akawekwa kuwa padre. Alikuwa na jina la ubatizo, na jina la Kiafrika, nayo yote mawili yameandikwa pamoja hata leo. Aliporudi kwa Wayao alikwenda kama mtu wa kwao na kama mtu wa Kristo, na neno moja halikumzuia la pili.

Lakini sikutaka binti yule adhani kwamba mambo haya huwa mepesi siku zote. Basi nikamwambia pia habari za Sayyida Salme wa Unguja. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, binti wa Sultani Said bin Sultan, na mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi. Tangu utotoni alikaa katika nyumba yenye watu wa asili nyingi na lugha nyingi. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri kwa sababu ya Mjerumani mmoja mfanya biashara, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1867, huko Aden, alibatizwa akaitwa Emily, na siku ileile wakafunga ndoa, wakaenda kukaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali, akabaki mjane katika nchi ya baridi na watoto wadogo watatu. Mwaka 1885 alirudi kuitazama Unguja, na ndugu yake, Sultani Barghash, hakumpokea. Mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake, ambacho alianza kukiandika kwa ajili ya watoto wake, ili wajue mama yao alitoka wapi. Alifariki Ujerumani mwaka 1924, na inasimuliwa ya kuwa katika vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.

Sisemi habari hizi ili tumhukumu yeye, wala ndugu zake. Nazisema kwa ajili ya mchanga ule. Mtu aweza kubadili nchi, na jina, na dini, na lugha ya kila siku. Lakini mlango wa nyuma ukifungwa kwa kufuli, moyo hubaki ukiupapasa usiku. Nasi wazazi Wakristo tuangalie sana, tusiwe sisi tunaoufunga mlango huo, kisha tukamwambia mtoto kwamba ni Bwana Yesu aliyeufunga.

Hapo binti akaniuliza neno la akili. Akasema, "Basi, mwalimu, naweza kushika yote? Nisali hapa Jumapili, na kwa bibi nisali kama wao, nisimwudhi?" Nikamwambia, La. Hapo ndipo fisi aliposhindwa. Kuwa na nyumba mbili ni jambo moja, na kuwa na ndimi mbili ni jambo jingine. Kinyonga hubadili rangi kwa kila tawi, wala hakuna ajuaye rangi yake. Usikiri kwa kinywa usichokiamini moyoni, wala hapa wala kule. Bibi yako anastahili heshima, na kumdanganya si kumheshimu.

Kazi yetu ni kupepeta, kama mama apepetavyo mchele katika ungo. Katika nchi ya Masasi, zamani, vijana Wakristo walivutwa huku na huku kwa sababu ya jando. Wasipokwenda, watu wao waliwahesabu kuwa watoto siku zote. Wakienda, walikuta mambo yasiyopatana na ahadi zao za ubatizo. Padre Vincent Lucas, ambaye alikuwa Askofu wa kwanza wa Masasi toka mwaka 1926 hata 1944, pamoja na mapadre Waafrika na wazee wa Kanisa, hawakulitupa jando lote, wala hawakulipokea lote. Tohara ilibaki, na mafundisho ya adabu yalibaki, na furaha ya watu siku ya vijana kutoka ilibaki. Sala za Kikristo zikawekwa mahali pa matambiko, na mambo machafu yakaondolewa. Haikuwa kazi rahisi, na kwa upande wa mafunzo ya wasichana ilikuwa ngumu zaidi. Lakini walikubali kushika ungo, wala hawakumwaga mchele pamoja na chuya.

Basi sisi watatu tukakaa na ungo wetu. Kunawa miguu kabla ya sala: je, ni dhambi? La, ni usafi na heshima, aendelee. Kusema Bismillahi anapoanza kula: maana yake ni kwa jina la Mungu. Nikamwambia, Tangu sasa ishukuru riziki yako kwa sala uliyofundishwa, lakini ulimi ukikuponyoka usione haya. Kwenda kumwamkia bibi siku ya Idi na kula chakula chake: aende, ni jamaa yake. Jina alilopewa na bibi: alishike, ni jina jema, nalo ni zawadi ya kwanza aliyopewa duniani. Kufunga Ramadhani ili watoto wa mjomba wamsifu: asifanye, ana saumu yake ya Kwaresima. Na bibi akifariki: aende wa kwanza. Aketi na wanawake, apike, achote maji, alie. Wanaposoma dua zao anyamaze kwa adabu, amwombe Mungu wake moyoni. Hakuna amri ya Mungu inayomkataza mtu kumlilia bibi yake. Bali iko amri ya kuwaheshimu baba na mama, na bibi ndiye mama wa mama.

Kwenu wazazi nina maneno matatu, nayo ni mafupi. La kwanza: msiwadhihaki jamaa wa upande wa pili mbele ya mtoto, hata kwa mzaha, maana mtoto hujua kwamba nusu ya uso wake umetoka huko. Ukiucheka upande ule, umemcheka yeye. La pili: mwambieni mtoto kweli yote ya ukoo wake, majina ya babu na bibi, dini zao, na jinsi ninyi mlivyoijia imani. Mtoto asipoambiwa na mzazi, ataambiwa na jirani, na jirani ataongeza chumvi. La tatu: wekeni nyumba zenu hivi kwamba jamaa Mwislamu aweza kuja na kula bila wasiwasi. Nyumba nyingi zinafanya hivi, humwomba jirani Mwislamu achinje kuku, ili watu wote wale sahani moja. Jambo hili halipunguzi Ukristo wa mtu, bali huongeza ujirani mwema.

Sasa nimalize habari ya binti. Jumamosi iliyofuata tulikwenda sote watatu kwa bibi. Alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, uani, penye kivuli. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba, mwalimu. Karibu." Binti akapiga magoti, akambusu mkono, akasema, "Bibi, baada ya Pasaka Askofu ataniwekea mikono kanisani. Nimekuja kutaka radhi yako."

Bibi akanyamaza muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, akauliza, "Mwalimu, mmemwambia asije kunizika?"

Nikasema, "La, mama. Tumemwambia aje wa kwanza."

Akavuta pumzi, akasema, "Mimi sikumlea awe Mkristo. Wala sitasema kwamba moyo wangu unafurahi, maana siku zangu zi karibu, na uongo haufai tena. Lakini wala sikumlea awe mwongo. Miezi yote hii alipokuja hapa aliniambia kwamba hendi kanisani, nami nilijua aenda, maana majirani wana macho. Hilo ndilo lililoniuma kuliko ugonjwa. Leo amesema kweli. Radhi nimempa. Na jina langu asilitupe."

Binti akaweka kichwa chake juu ya kitanda, akalia. Nami niliinuka nikaenda kutazama minazi, maana machozi ya watu wazima hayapendezi mbele ya watoto.

Wasomaji wangu, siku ya Kipaimara bibi hakuja. Nawaambieni kweli, nisije nikaipamba hadithi. Binti alitazama mlangoni mara nyingi, na Askofu alipomwita kwa majina yake yote mawili sauti yake ya kuitika ilikuwa ndogo. Lakini jioni alichukua sinia la pilau, na kuku aliyechinjwa na jirani, akaenda kwa miguu pamoja na mama yake. Nami nilifuata nyuma na taa. Bibi aliamka, akanawa, akala. Akauliza kama Askofu ana ndevu. Wakacheka.

Njia ya kurudi hupita penye mkwaju niliowaambia. Niliwaambia wenzangu watangulie. Nikaenda hata kaburini kwa mjomba, nikang'oa majani yaliyoota juu yake, nikasali Baba Yetu polepole, kama nilivyosali barazani pake nilipokuwa mtoto. Kisha nikarudi nyumbani bila kuharakisha.

Basi, ikiwa katika nyumba yako yuko mtoto wa namna hii, usimwite popo, wala usiwaache wenziwe wamwite hivyo. Mketishe, mweleze alikotoka pande zote mbili, kisha umwonyeshe njia moja, uende naye.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye habari za madeni.

Mimi ndugu yenu katika Kristo,
Katekista wenu.